Mtini Tuliouhamisha Mara Mbili

Mume wangu alifika Louisville akiwa na miaka arobaini na moja, na hakuwa amewahi kuona mtini. Wala mimi. Tulikuwa tumeusikia tu kanisani, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, tukiwa tumekaa kwenye mabenchi ya udongo, na nadhani hata mchungaji aliyeutaja kila mara hakuwa ameuona. Mimi nilikuwa nimeamua kichwani mwangu kwamba unafanana na mpera.

Nyumba tuliyopewa ilipakana na ya bibi mmoja mjane. Mwezi wa Novemba, mwaka wetu wa kwanza, alikuja mlangoni na fimbo yake, amevaa koti la kiume, akaanza kueleza jambo kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na tayari alikuwa ametuacha mbali kwa Kiingereza, kwa hiyo yeye ndiye aliyetufafanulia. Marehemu mume wa bibi alitoka Italia akiwa kijana, akapanda mtini nyuma ya nyumba. Mti ule haustahimili baridi ya Kentucky. Kila mwaka, kabla ya theluji, mzee alikata mizizi ya upande mmoja, akaulaza taratibu ndani ya shimo refu, akaufunika kwa majani makavu, mbao na udongo. Mwaka huo hapakuwa na mtu wa kuulaza.

Mume wangu alikuwa na nguvu wakati huo. Alifanya kazi kwenye ghala la vifurushi, shifti ya mchana, na Jumamosi ile alichimba shimo lote peke yake bila kuvua hata kofia. Alipokuwa anaukunja mti, jani moja lilikatika, likatoa utomvu mweupe. Aliugusa kwa kidole, akaunusa.

"Huyu ni ndugu wa mkuyu," akaniambia. "Kumbe tunamjua."

Aliufukia vizuri. Bibi alikuja akaweka mkono juu ya udongo, nasi tukatazama pembeni, maana tuta lile lilikuwa na urefu wa mtu.

Aprili aliufukua. Agosti bibi alileta bakuli lililofunikwa kwa taulo ya jikoni. Ndani mlikuwa na tini kumi hivi, za zambarau iliyokaribia weusi, kubwa kama mayai ya bata, laini kiasi kwamba ukizishika vibaya zinabonyea. Mume wangu aliipasua moja kwa vidole. Ndani ilikuwa nyekundu, imejaa mbegu ndogo, inang'aa. Aliila taratibu pamoja na ganda lake, akakaa kwenye ngazi za nyuma. Baadaye aliniambia kwamba alijisikia kama mtu aliyefichwa jambo, kwa sababu miaka yote ile kanisani hakuna aliyemwambia kwamba ni tamu.

Majani yalipoanza kupukutika, bibi alimkatia vijiti vitatu vya kupanda. Wiki mbili baadaye, kule ghalani, maboksi yaliteleza kutoka kwenye folklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, yakamwangukia mgongoni. Daktari wa kampuni alimpa wiki sita. Zilipoisha alirudi kazini, akasimama saa mbili, akakaa chini katikati ya njia ya mizigo, akashindwa kuinuka. Hawakumwita tena.

Ndiyo maana Novemba ile mtini wa bibi haukufukiwa. Mimi nilijaribu, nikavunja tawi moja, nikaacha. Mume wangu alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na dirisha, na kutoka pale aliuona mti umesimama wima, na baridi ya mwaka ule ikawa kali kuliko zote tulizowahi kuziona. Mtoto wa bibi alikuja akamchukua mama yake, akampeleka kwenye nyumba ya wazee katika mji mwingine. Mtu aliyenunua ile nyumba aliukata mtini mwezi wa Machi, akamwaga kokoto, akaegesha gari pale.

Kati ya vijiti vitatu, kimoja kilikuwa kimeota mizizi ndani ya kopo la nyanya.

Tulihamia Ohio kwa ajili yangu. Nilipata kazi ya kuhudumia wazee huko Westerville, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, na tukapanga nusu ya nyumba kaskazini mwa Columbus, yenye gereji na kipande cha ardhi kisichozidi chumba kimoja. Safari nzima kopo lilikuwa katikati ya miguu ya binti yetu. Alilalamika mpaka tukavuka mto.

Mume wangu alikipanda kile kijiti ardhini, karibu na ukuta. Kwa mtu aliyekuwa amelala mkekani miezi mitano, ilikuwa kazi kubwa. Alichimba kwa magoti, akipumzika kila baada ya majembe matatu. Kikaota, kikafika magotini. Halafu majira ya baridi yakakiua mpaka usawa wa udongo. Alidhani kimekufa kabisa, lakini Mei machipukizi yakatoka kwenye mizizi, na kufikia Agosti mti ulikuwa umempita kimo, majani mapana, mazuri sana, bila tunda hata moja. Matunda yalianza kutokeza mwezi wa Septemba, madogo kama shanga. Oktoba yakaganda, yakawa meusi. Aliyakusanya kwenye kiganja akaniletea jikoni ili nione. Nilikuwa nimetoka kazini na miguu ilikuwa inauma. Nikamwambia ayatupe.

Siku hizo tulisali karibu na chuo kikuu, kwenye jengo ambalo watu wa Kiswahili walipewa Jumapili alasiri. Hapo alikuwapo dada mmoja Mtanzania, mtafiti wa mambo ya udongo, aliyepanga chumba mtaa wa wanafunzi. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hakuzungumza na mtu baada ya ibada, alimfuata mpaka pale alipokuwa anachukua koti lake akamweleza habari ya shanga zake. Jumamosi iliyofuata dada yule alipanda mabasi mawili akaja.

"Shikamoo kaka," alisema, akachuchumaa mbele ya ule mti kabla hata ya kukaribishwa chai.

Alimweleza kwamba mti haukuwa mgonjwa. Baridi ilipouua mpaka chini, ulilazimika kuanza upya, na majira ya joto ya Ohio yalikuwa mafupi mno kwa mti unaoanza kutoka sifuri. Tena mizizi yake ilikuwa inatembea mbali ikishiba, na mtini ulioshiba sana hutoa majani tu. Akamwambia autoe ardhini, auweke kwenye ndoo kubwa, na wakati wa baridi auingize gereji, mahali pa giza, baridi lakini pasipoganda, auache ulale na maji kikombe kimoja kwa mwezi. Mume wangu alikwenda kuchukua daftari la shule la binti yetu, akararua kurasa zilizokuwa zimetumika, akaanza kuandika.

Nililisoma daftari lile baadaye, mara nyingi. Mwandiko wake ni wa mtu aliyejifunza kuandika kwa chaki kwenye kibao, herufi kubwa zinazolala upande mmoja. Ameandika kwamba ndoo iwe nyeusi ili ivute joto na isimame kwenye ukuta unaotazama kusini. Ameandika kuacha matawi manne tu. Ameandika kwamba kila tawi likifikisha jani la tano, akate ncha, maana mti ukikatwa ncha huacha kurefuka na kufikiria matunda. Neno kufikiria amelipigia mstari. Chokaa kidogo wakati wa masika. Maji kila siku Julai, lakini tini zikianza kuvimba apunguze, la sivyo zitakuwa kubwa na zisizo na ladha, au zitapasuka. Kama kuna tini tatu kwenye kifundo kimoja, atoe mbili. Zile zinazochelewa kutokeza atoe zote bila huruma. Asichume mpaka shingo ya tini ilegee na kuinama, kwa sababu ikichumwa mapema haiivi tena.

Mwaka uliofuata alifanya yote hayo. Masika aliutoa gereji kila asubuhi jua likiwaka na kuurudisha jioni, kwa kigari alichokitengeneza kwa magurudumu ya gari la mtoto lililokuwa limetupwa. Watu wa mtaani walimzoea. Nami nilimzoea tena, kusema kweli. Kulikuwa na siku nilizorudi kutoka Westerville nikamkuta amesimama, amenyoa, amepika.

Lakini siwezi kuandika uongo. Aliweza kusimama kwa sababu ya vidonge. Kulikuwa na kliniki ya maumivu upande wa pili wa barabara kuu, na daktari wa pale alimwandikia vidonge tangu miezi yetu ya kwanza Columbus. Kwanza kimoja asubuhi na kimoja usiku. Nilimshukuru Mungu kwa vidonge vile, nilivitaja kwenye maombi. Mtini ule wa Columbus ulilimwa kwa vidonge.

Agosti tini zikaiva. Zilikuwa thelathini na kitu, na kubwa, kubwa kuliko za bibi. Aliweka wavu kuzuia ndege, akakaa kwenye kiti karibu nazo kama mtu anayelinda shamba la mpunga. Ya kwanza alipoichuma ilikuwa imetoa tone la asali kwenye jicho lake la chini. Alimpa binti yetu. Alikuwa na miaka kumi na nne, alikuwa hatujibu tena kwa Kiswahili, na alikuwa anaona haya kwa ndoo na kigari. Aliila, akala nyingine, akala tano, akasema kitu kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" mume wangu akaniuliza.

"Anasema ni kama jamu ambayo mtu hakuipika."

Alicheka mpaka akashika mgongo. Dada Mtanzania alipewa kumi kwenye sanduku la viatu.

Septemba kliniki ilifungwa. Polisi walikuja, wakasema daktari yule aligawa vidonge kupita kiasi, wakatoa makompyuta, wakabandika karatasi mlangoni. Hakuna daktari mwingine aliyekubali kumwandikia kiasi alichokuwa amezoea, na hapo ndipo nilipojua kiasi hicho. Havikuwa viwili kwa siku. Alitetemeka, alitapika, alitokwa jasho shuka zikalowa, na mimi nilikwenda kuogesha wazee wa watu wengine kwa sababu nisingekwenda tungefukuzwa nyumba. Kisha siku moja akawa mzima ghafla, mtulivu, na sikuuliza. Hilo ndilo ninalojilaumu nalo. Nilijua kwamba kupona hakuji hivyo, kwamba alikuwa amevipata mtaani, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimechoka na nyumba ilikuwa imetulia.

Mwanzoni mwa Novemba, saa tisa alasiri, nilirudi nikamkuta sakafuni gereji. Alikuwa ameingiza ndoo ndani, ameifunika kwa blanketi, amejilaza kando yake kama mtu anayengoja chakula kiive. Midomo yake ilikuwa na rangi ya kijivu. Binti yetu alikuwa ndani anafanya hesabu za shule. Yeye ndiye aliyepiga simu, kwa sababu Kiingereza changu kilinitoka chote. Watu wa gari la wagonjwa walimpulizia puani dawa ya kumwamsha mtu aliyezidisha vidonge, mara moja, mara mbili, na akavuta pumzi kwa sauti ambayo bado naisikia nikiwa kazini.

Hospitalini nilikaa karibu na kitanda chake mpaka alipofungua macho.

"Nilitaka kupumzika tu," alisema.

Nikamwambia, "Ulikuwa umekufa, baba. Mtoto amekuona umekufa."

Aligeukia ukutani. "Basi mngeniacha," akasema.

Hatukuzungumza tena juu ya maneno hayo, mpaka leo.

Kaka yake mkubwa aliishi Buffalo, alifanya kazi kiwanda cha kuoka mikate, na mke wake alikuwa Mkongo wa Kivu, mama mwenye moyo mzuri na mdomo usiofichaficha. Walisema njooni. Kulikuwa na kliniki huko inayotoa dawa ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi, ya kumwachisha mtu ile nyingine. Tulihama kabla Novemba haijaisha. Mimi ndiye niliyesema mtini uende. Shemeji yangu alikuja na gari la mizigo la kuazima, akautazama, akamtazama mdogo wake aliyekuwa amekaa kwenye ngazi bila kufunga kamba za viatu, akaufunga kwa mablanketi mawili bila kuuliza.

Buffalo theluji huja kutoka ziwani kwa pamoja, kama mtu anavyomwaga gunia. Nyumba ya shemeji haikuwa na gereji, kwa hiyo ndoo ilishushwa besimenti, chumba kilicho chini ya nyumba, karibu na tanuri la kupashia nyumba joto. Sikujua. Daftari lilisema mahali pa baridi, lakini mahali pekee pengine palikuwa nje kwenye theluji. Katikati ya Januari mti ukaamka gizani, ukidhani ni masika, ukatoa machipukizi marefu meupe kama minyoo.

"Bon, ile muti yako iko nakufa," mke wa shemeji aliniambia siku moja alipotoka kufua.

Nilimwita mume wangu ashuke. Alikuwa amemaliza miezi miwili ya dawa ya kliniki, na kweli hakugusa tena vidonge, na kila mtu kanisani alisema Mungu ametenda. Alikuwa amenenepa. Alikula alichopewa, alilala alipoambiwa, alikwenda kliniki asubuhi akarudi. Alisimama kwenye ngazi ya besimenti, akatazama yale machipukizi, akasema yakatwe. Nikamuuliza wapi. Akasema popote. Akapanda juu.

Hivyo nikaukuta mtini umekuwa wangu. Sikuwa na mapenzi nao. Nadhani nilifikiri kwamba nikiufikisha hadi matunda, atashuka kutoka pale alipokuwa. Niliyakata machipukizi, nikausogeza mbali na tanuri, nikarundika magunia katikati kuzuia joto. Nusu ya mti ilikauka. Masika niliutoa nje na binti yetu, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, na hakulalamika. Baada ya gereji ile hakulalamika tena kwa jambo lolote, na hilo nalo liliniumiza. Nilifanya kazi kiwanda kilekile cha mikate, nikirudi na unga kwenye nyusi, nikifungua daftari mezani. Niliacha matawi manne. Nilihesabu majani matano nikakata ncha. Nilitoa tini changa zilizobanana. Kila jioni nilimweleza nilichofanya, naye aliitikia kwa heshima, kama mtu anayeelezwa habari za familia asiyoijua.

Tini nne zilifika mwisho. Zilichelewa, baridi ya kugandisha ya asubuhi ilikuwa tayari imepita mara mbili, na usiku niliufunika mti kwa shuka. Lakini zilikuwa kubwa. Shingo zililegea wiki ya kwanza ya Oktoba, nikachuma moja, nikampelekea kwenye kisahani pale alipokaa sebuleni. Niliketi nikamtazama. Alitafuna kwa muda mrefu, akameza, akaweka nusu iliyobaki kwenye kisahani.

"Je?" nikamuuliza.

"Sisikii kitu, mama," alisema. "Ni kama natafuna pamba."

"Labda imekuwa na maji mengi."

"Si tini." Aliangalia mikono yake. "Chakula chote kiko hivyo. Tangu kule. Sikutaka kukwambia, unapika kwa bidii."

Nilichukua kisahani nikatoka nje. Binti yetu alikuwa uani. Nilimpa ile nusu, akaila, nasi tukachuma zile tatu tukazila tukiwa tumesimama, na makoti yamefungwa hadi shingoni. Zilikuwa tamu. Zilikuwa tamu kama zile za bibi, labda zaidi, na sikuwahi kula kitu kitamu kikanikaa vibaya kifuani namna ile. Binti yetu aliniuliza, kwa Kiswahili, maneno machache yaliyopinda, kama baba yake atakuwa hivi siku zote. Nikamwambia sijui. Niliona anajua kwamba najua.

Niliongea na muuguzi wa kliniki. Alikuwa mtu mwema. Alisema huwachukua wengine muda mrefu, na kwa wengine ladha hairudi yote, na akatupa karatasi ya kumwona daktari wa mawazo, tukaenda, akapewa dawa nyingine, akazimeza. Alianza kufagia theluji mlangoni. Hayo ndiyo maendeleo, na sitaki kuyadharau.

Novemba binti yetu aliniuliza kama tuushushe mti besimenti. Nilisema tusubiri wikiendi. Wikiendi nikasema mgongo wangu unauma, na ulikuwa unauma kweli. Theluji ikaja Jumatatu, ikafika kwenye ukingo wa ndoo, kisha ikaipita. Kutoka dirisha la jikoni nilikuwa nikiona ncha nne za matawi, kisha mbili, kisha sikuziona.

Aprili nilikwaruza gome kwa ukucha. Likiwa kijani chini yake, mti u hai. Nilikwaruza juu, nikakwaruza katikati, nikakwaruza pale shina linapoingia udongoni, kote kahawia. Nikachimba kidogo kutafuta mizizi. Ilikuwa laini, ikavunjika mkononi. Kwenye ndoo mizizi haina pa kujificha, dada Mtanzania alikuwa amelisema hilo, na limo kwenye daftari.

Niliikokota ndoo mpaka kando ya barabara, nikaiacha pamoja na mapipa. Nilipoingia ndani nikanawa mikono, nikaweka maji ya chai jikoni. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha. Gari la taka lilifika, mmoja wa wale wanaume akaishika ndoo kwa mikono miwili, akaitupa juu pamoja na mti wake, gari likasogea nyumba inayofuata.

"Leo ni Jumatano?" mume wangu akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ni Jumatano. Nikamletea chai, nikaweka sukari vijiko viwili, kama anavyopenda, au kama alivyokuwa anapenda, nikaondoka kwenda kazini.